Mahari ya Kamera Tatu

Bei ilipanda siku ya Jumanne, kabla chai ya saa nne haijaletwa.

Haikuja kwa kishindo. Ilikuja kwenye karatasi moja, ambayo Kabiru, mwenye duka, aliiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka uji mbele ya mgonjwa.

"Khairunisa, badilisha vibandiko. Vyote vya rafu ya juu." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akaongeza, "Pole. Najua."

Khairunisa akachukua kisu kidogo cha kukwangulia, akavuta kigoda, akapanda. Alikuwa ameuza simu katika duka hili la Kitale kwa miaka mitatu, na mwaka huu peke yake hii ilikuwa mara ya tatu kupanda kigoda hicho. Miguu ilimuuma. Hata tabasamu lilimuuma, maana ukishinda mchana kutwa ukiwaambia watu jambo wasilotaka kulisikia, mashavu nayo huchoka.

Akaanza na ile ya katikati. Watu waliiita Kamera Tatu, kwa sababu ya macho yake matatu ya mgongoni. Jana ilikuwa laki moja na elfu ishirini na nne. Akakwangua, akapangusa, akabandika: laki moja na elfu thelathini na nane.

Mkono ukabaki pale pale juu ya kibandiko. Kwa mteja hiyo ilikuwa bei ya simu. Kwake ilikuwa mahari yake.

Mwaka jana, watu wa Salman walipotoka Bungoma kuja kuposa, shangazi yake Nasro aliingia chumbani kumuuliza anataka mahari gani. Ni haki ya mwanamke kuitaja kwa kinywa chake mwenyewe. "Taja kitu cha kushikika, mwanangu," shangazi alisisitiza. "Usikubali ahadi." Khairunisa alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, kidole kimekatwa na kioo cha simu yake iliyopasuka. Akataja kitu alichokishika kila siku na kukirudisha rafuni kila jioni. Akataja Kamera Tatu kwa jina lake. Kiasi cha pesa hakukitaja. Baba yake, Mzee Hashim, akaandika vivyo hivyo, na wazee wakasoma Fatiha. Hakuna aliyefikiri kwamba kitu kilichoandikwa kwa jina kinaweza kukimbia.

Wakati huo ilikuwa elfu tisini na nane. Salman alipozikusanya tisini na nane, ikawa laki na kumi na mbili. Alipozifikia hizo, ikawa laki na ishirini na nne. Nikaha ilikuwa imesogezwa mara mbili. Sasa Mzee Hashim, ambaye si mkali ila amechoka kuulizwa na majirani kila akitoka swala, alikuwa amesema: Ijumaa hii, au barua ya posa irudi Bungoma ilikotoka.

"Madam! Hebu shuka kwanza, nisije nikaongea na viatu."

Alikuwa Mzee Kiptanui, mkulima wa Saboti, koti lake zito limefungwa vifungo vyote. Wiki iliyopita alikuja akaulizia Kamera Tatu kwa ajili ya binti yake Cherop, aliyemaliza chuo. Khairunisa akashuka.

"Karibu, mzee."

"Nimeuza mahindi. Leta ile kitu." Kisha macho yake yakakifikia kibandiko. Akavua kofia. "Hii nambari imeandikwa na nani?"

"Ni mimi, mzee. Imepanda leo."

"Leo saa ngapi?"

"Sasa hivi."

Mzee akatazama dari, midomo ikichezacheza. "Gunia ni elfu tatu na mia tano. Hiyo ni gunia thelathini na tisa, na madebe mawili na nusu juu." Akamtazama. "Si hata ukiitia maji haioti! Ati simu. Hiyo ni shamba imewekwa kwa mfuko."

"Pole, mzee."

"Mnatuona wajinga, bana! Wiki jana ingine, leo ingine! Mimi mahindi yangu ikipanda shilingi kumi, serikali nzima inapiga kelele!" Sauti ilijaa duka. Khairunisa alisimama tu, mikono mezani, kama mtu anayengoja mvua ipite. Mvua ikapita. Mzee akakiona kidole chake kilichofungwa kitambaa.

"Na hiyo kidole?"

"Ni kioo cha simu yangu, mzee. Imepasuka."

"Wewe? Unauza hizi, na yako imepasuka?"

"Ndiyo."

Mzee Kiptanui akavaa kofia, akavua tena. Aibu ilimjia taratibu usoni. "Basi nimefokea mtu asiye na makosa," akasema. Akatia mkono kwenye koti, akatoa karatasi ya plasta, akaikata moja, akaiweka mezani. "Mimi hubeba, juu ya panga hunikata shambani. Funga vizuri. Na Cherop atatengenezewa ile yake ya zamani. Hata mimi meno yangu ni ya zamani na bado nakula."

Akatoka. Khairunisa aliitazama ile plasta kwa muda, akaifunga kidoleni, akapanda tena kigodani. Alikuwa na kibandiko cha pili katikati ya vidole aliposikia mlango.

Hakuhitaji kugeuka. Salman alikuwa na namna yake ya kupangusa viatu mlangoni mara tatu, hata siku za jua.

"Assalaam alaykum."

"Waalaykum salaam." Akageuka akiwa juu, naye akamtazama kutoka chini. Alikuwa amekonda. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa jikoni kwenye moshi, kumbe ni kuinamia vijisimu usiku na mchana. Fundi simu ni mtu wa kuangalia vitu vidogo hadi vikubwa vinampita. Ila leo alitabasamu, na lile tabasamu la upande mmoja ndilo lililokuwa limemfanya Khairunisa, miaka miwili nyuma, amwambie jina lake kabla hajaulizwa.

"Hukuniambia unakuja," Khairunisa akasema.

"Ningekuambia, ungenikataza kufunga meza yangu ya ufundi." Akatoa bahasha ya kaki kifuani, akaiweka kaunta kwa mikono miwili. "Imetimia, Khairu. Jana jioni. Laki moja ishirini na nne. Mama amesema nisilale nayo nyumbani hata siku moja zaidi, isije ikapanda. Hebu shusha hiyo simu twende kwa mzee."

Khairunisa hakushuka. Alikuwa amesimama mbele ya Kamera Tatu, akiificha kwa kiwiliwili chake, kama mtoto anayeficha kikombe alichovunja.

"Mbona hushuki?"

"Salman..."

"Sogea kidogo."

Akasogea. Hakukuwa na jingine la kufanya.

Salman alisoma. Akasoma tena. Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilikwisha polepole, kama taa ya mafuta, na hilo ndilo lililomuumiza Khairunisa zaidi.

"Lini?"

"Leo. Robo saa iliyopita."

"Nani amebandika?"

Akakitazama kisu mkononi mwake. "Mimi."

Kabiru, aliyekuwa nyuma ya duka na masikio mazima, akatokeza. "Kijana, wallahi mzigo wa zamani uliisha Jumamosi. Huu nimeununua kwa bei mpya ya jumla. Nikitoa faida yangu yote kwa ajili ya Khairunisa, nakufikishia laki na thelathini na tatu. Chini ya hapo nitalipa mimi."

"Asante, bosi," Salman akasema, na alimaanisha. "Hata hizo sina."

"Basi chukua kwa kulipa polepole. Unatoa nusu, unaondoka nayo, nyingine unalipa kila wiki. Ila ukichelewa siku tatu, simu inajifunga yenyewe." Kabiru aliona nyuso zao, akakohoa. "Nitakuwa hapo nje. Naangalia... naangalia mvua." Jua lilikuwa linawaka. Akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake ili wapate pa kusemea.

Khairunisa akashuka kigodani, akakaa juu yake. Salman akaegemea kaunta upande wa pili.

"Nichukue ya kulipa polepole," akasema.

"Mahari yangu ijifunge siku ukichelewa?"

"Sitachelewa."

"Ukiugua? Stima ikipotea Bungoma wiki nzima? Niamke asubuhi mahari yangu imeniandikia nikalipe?"

"Sasa unataka nifanye nini, Khairu?" Sauti yake haikuwa ya hasira. Hasira ingekuwa nafuu. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekaa chini njiani. "Nimekimbiza hiki kitu mwaka mzima. Nikifika, kimeenda. Unajua Mama ananiambia nini? Ananiambia, Salman, hao watu wa Kitale hawakuozi, wanakufukuza kwa adabu. Ati pale Bungoma kuna wasichana wanaoolewa kwa msahafu na kanzu."

"Mama Sharifo alisema hivyo?"

"Halafu akauza kuku wake wote saba, akaleta pesa. Ndiyo zimo humo ndani." Akaigusa bahasha kwa kidole kimoja.

Khairunisa akafumba macho. Alimjua Mama Sharifo na kuku wake, mmoja mmoja kwa majina.

"Nilikuambia mwezi wa tatu nipunguze," akasema. "Ukanikalia kimya wiki mbili."

"Na ukisema tena nitakaa kimya wiki mbili nyingine. Sitaki kupunguziwa. Mtu akipunguziwa leo, kesho mkigombana anakumbushwa. Nitakaa kwenye nyumba yangu kama kitu cha bei ya chini?"

"Kwa hiyo ni bora barua irudi?"

Salman alikuwa anaitazama plasta kidoleni mwa Khairunisa. "Bado inakukata," akasema polepole.

"Usibadilishe maneno."

Mlango ukafunguliwa. Harufu ya tangawizi ikaingia kwanza, halafu chupa ya chai, halafu Shangazi Nasro mwenyewe, mtandio umeteleza mabegani, vikombe vya bati vikigongana kwenye kikapu. Shangazi aliuza chai kwa wenye maduka wa mtaa ule, na hakuna jambo la mtaa lililompita.

"Kabiru ananiambia nisiingie. Duka lina mvua gani ndani?" Akamwona Salman. "Ah. Mwanangu. Mbona umebaki shingo?" Akaiona bahasha. Akakiona kibandiko. Akaketi juu ya kreti bila kuombwa. "Ya Rabbi. Tena?"

"Tena, Shangazi," Khairunisa akasema.

"Mimina chai. Mtu halii na tumbo tupu."

"Hakuna anayelia."

"Basi mimina kabla hamjaanza."

Wakanywa. Ilikuwa chai ya moto sana, na kwa kitambo ilisikika sauti ya midomo inayopuliza tu.

"Shangazi," Salman akaanza, kwa heshima, macho chini, "kuna njia ya kulipa polepole..."

"La."

"Hujasikia..."

"Nimeshasikia polepole maisha yangu yote." Akaweka kikombe chini. "Mimi niliolewa kwa bangili mbili za dhahabu. Za baadaye. Mume wangu alikuwa mtu mwema, nawaambia, hakuwahi kuninyanyulia sauti. Lakini kila mwaka, baadaye. Mahindi yakikauka, baadaye. Mtoto akiugua, baadaye. Miaka ishirini na miwili. Siku alipokufa, jeneza likiwa uani, wakaja kuniuliza kama ilivyo desturi: Nasro, mahari yako unamsamehe? Watu wote wamenyamaza, wananingoja. Ningesema nini?" Akavuta mtandio. "Nilimsamehe. Nilimpenda. Ila mwanamke asiulizwe swali lile kwenye jeneza. Ndiyo maana nilimwambia huyu ataje cha kushikika. Si tamaa, Salman. Kamwambie mama yako si tamaa."

Salman aliinua macho. Mwaka mzima alidhani shangazi huyu ndiye adui yake. "Sikujua, Shangazi," akasema. Akaichukua ile chupa, akamjazia kikombe, akakishika yeye ubavuni penye moto, akamgeuzia mkono wa kikombe usiochoma. Khairunisa aliliona hilo. Ni jambo dogo, lakini mwanamke anaweza kuishi miaka mingi juu ya jambo dogo kama hilo.

Na pale pale, katikati ya uchovu wote ule, fikra ikamjia. Haikuja kama umeme. Ilikuja kama mtu anayekumbuka mahali alipoweka ufunguo.

"Shangazi, haki ya kutaja mahari ni ya nani?"

"Yako."

"Nikishataja, naweza kutaja kitu kingine?"

"Kabla ya nikaha? Hata mara kumi, ukipenda kuwachosha wazee."

"Khairu," Salman akasema, "nimekwambia usinipunguzie."

"Nani amepunguza? Umekuja na ngapi?"

"Laki moja na ishirini na nne elfu."

"Nazitaka zote. Hata mia ya nauli usitoe."

Shangazi Nasro akacheka chai ikampanda puani. "Na atarudi Bungoma na nini?"

"Nitamkopesha mimi." Khairunisa alisimama. Miguu ilimuuma bado, lakini alisimama. "Mahari yangu ni pesa hizo, taslimu, mkononi, Ijumaa mbele ya shehe. Zikishakuwa zangu ni zangu. Si kweli?"

"Ni zako," Salman akasema, bado hajaelewa.

"Basi nitanunua vioo, na betri. Nitaweka meza yangu kando ya meza yako. Hapa Kitale watu wanaingia, wanasoma bei, wanatoka. Mwaka mzima nawatazama. Najua kila mmoja ana simu gani mfukoni anayorudi nayo nyumbani. Mzee wa Saboti ameondoka hapa leo na pesa zake za mahindi, anaenda kutafuta fundi. Kwako je?"

Salman akajikuna shingo. "Kwangu wanapanga mstari. Wengine wanatoka Kabuchai na simu imefungwa mpira. Wiki jana mmoja alileta ya marehemu babake. Vioo ndivyo vinanikwamisha, mpaka niagize viwili viwili." Akaitazama bahasha. "Hii bei inayonikimbiza ndiyo imenipa hizi pesa, Khairu. Sikuwahi kufikiria hivyo."

"Mimi nimefikiria sasa hivi."

"Na simu yenyewe? Uliitaka."

Khairunisa aliitazama Kamera Tatu juu ya rafu, inang'aa, macho yake matatu yakimtazama. "Niliitaka. Sitakudanganya, bado naitaka kidogo. Lakini nimechoka kuitaka, Salman. Na nimechoka zaidi kukuona ukikonda kwa ajili yake."

Shangazi aliwatazama wote wawili. Akajipangusa macho kwa pembe ya mtandio, akasingizia tangawizi. "Ni za kushikika?"

Salman akaisukuma bahasha hadi mbele yake. Shangazi akaishika, akaipima uzito, akairudisha. "Ni za kushikika. Na Hashim niachieni mimi. Ni kaka yangu, namjua tangu alipokuwa akikimbizwa na bata mzinga."

"Na Mama?" Salman akauliza.

"Mwambie Mama Sharifo," Khairunisa akasema, "faida ya kwanza ya vioo ni kuku saba. Na yule kuku wake mwenye kishungi nitamtafuta mimi mwenyewe mpaka nimpate."

Salman akainamisha kichwa juu ya kaunta. Mabega yakamcheza. Hawakumuuliza kama ni kicheko au kilio. Mtu aliyebeba mzigo mwaka mzima ukimtua ghafla hutetemeka tu.

Alipoinuka, alitia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kitu kimefungwa kwenye karatasi ya daftari, pembe zake zimechakaa kwa kubebwa. Akakifungua. Kilikuwa kioo cha simu, kipya, cha aina ile ile ya simu ya Khairunisa.

"Tangu lini unacho?"

"Mwezi wa tatu."

"Miezi yote hiyo najikata!"

"Niliogopa," akasema. "Niliogopa ukikiona utasema, ndiyo hii sasa, amenitengenezea ya zamani ili asininunulie mpya. Kila nikija nakileta. Kila nikirudi narudi nacho."

Khairunisa akatoa simu yake mkobani, akamwekea kiganjani.

Salman alifanya kazi hapo hapo juu ya kaunta. Aliweka kikombe cha bati chenye chai ya moto juu ya kioo kilichopasuka mpaka gundi ikalainika, akakibandua kwa ukucha na bisibisi ndogo, kipande kwa kipande, akivikusanya vigae kwenye ile karatasi ya daftari ili visimchome mtu wa kufagia. Kabiru alirudi, akatazama, akaelezwa. "Kwa hiyo bei mpya imeninyang'anya mfanyakazi," akalalama, lakini akaenda kuleta taa yake ya mezani, akaishika mwenyewe ili fundi aone.

Adhana ya adhuhuri ilipoanza, Salman alikuwa anapangusa kioo kwa pindo la shati. "Tujaribu," akasema. Akatoa simu yake, akapiga.

Simu ikatetemeka mkononi mwa Khairunisa. Kwa mwaka mzima ufa ulikuwa umepita katikati ya jina lile, ukilikata vipande viwili, naye alikuwa amezoea kulisoma hivyo. Sasa lilikuwa limekaa mbele yake lote, zima, herufi zote sita.

"Pokea basi," Salman akasema, amesimama hatua moja tu kutoka kwake. "Inakula salio."

"Ngoja," akasema Khairunisa. "Nalisoma."